Sivike ya mu kaye na sivike ya mu njia: majibu ya barua zenu

Jambo yenu wote. Toka niliandika juu ya kozi ya sivike, ile ya edikasyo sivike na morale (ECM) inayofundisha mtoto kuwa raia mwema, barua zimenijaa hapa, zingine za ba mama, zingine za wanafunzi, hata moja ya mwalimu mwenzangu. Nimechagua saba na nazijibu vile zimekuja, sikuzipanga. Kwa wale hawanijui, nilifundisha primere miaka mingi hapa Lubumbashi, nikapumzika na mgongo unaouma na kipande cha chaki bado mu mfuko wa koti.

*Mwalimu, mutoto yangu iko mu ya sita primere, sivike alipata 18 juu ya 20. Juzi tulikuwa mu taksibisi, akakunywa maji ya sashe, kisha sashe akaitupa ku dirisha. Nikamuuliza, na sivike yako? Akanijibu: "Mama, ile ni ya masomo." (Mama wa Katuba)*

Mama, jibu la mtoto wako nimelisoma mara tatu, nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Mtoto amesema ukweli mtupu. Sisi walimu njo tulimfundisha hivyo, tuliandika ku tablo kwamba raia mwema analinda mali ya wote, akakopia mu kaye (daftari), akakariri, akarudisha siku ya interogasyo, akapata pointi zake, basi deni limelipwa, ni nini tena unamdai mu taksibisi? Na yeye anaona. Toka tarehe 30 Desemba 2017 kuna dekre inayokataza masashe ya plastiki nchi nzima, na ku mlango wa masomo (shule), mita kumi toka bendera, mama anauza maji ya sashe na direkteri mwenyewe anatuma mtoto kumnunulia.

Usimpige na usimhubirie. Ngoja mvua ya Novemba ianze, umpeleke ku kanivo, ule mfereji wa maji, ya avenyu yenu pale maji yanapoziba, mpe fimbo achokore mwenyewe. Nilifanya hivyo mwaka mmoja na klasi yangu, tukatoa masashe, machupa, kiatu cha mtoto cha mguu wa kushoto na kofia ya kampeni ya kandida mmoja, jina sitaji. Maji yalikuwa yamesimama meusi na harufu, ghafla yakaanza kutembea na watoto wakapiga kelele sawa vile timu yetu ya Mazembe imefunga goli. Yule aliyeshika fimbo sikumwona tena kutupa sashe. Mbele yangu angalau. Na wewe Mama, beba kamfuko mu sakoshi ya kutiamo takataka mpaka nyumbani, maana ukimwambia atupe mu pubeli atakuuliza pubeli iko wapi, na hapo hautakuwa na jibu.

*Mwalimu, niko finaliste, mwaka wa mwisho wa sekondere. Kwetu ECM ni kozi ya kujazia ratiba, tunaikariri wiki moja mbele ya Egzeta, mtihani wa taifa, na imekwisha. Kweli iko na maana? (Mwanafunzi, Kampemba)*

Iko na maana kuliko vile walikuambia, na si mimi nasema. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 45, inalazimisha serikali kufundisha watu Katiba yenyewe na haki za binadamu, mpaka mu mafunzo ya askari na polisi. Hata wizara siku hizi inaitwa ya Elimu ya Taifa na Uraia Mpya, basi jina liko. Kifungu cha 62 nacho kinasema hakuna mtu wa kujitetea eti hakujua sheria. Sawa, lakini sheria ziko kwa Kifaransa. Kifungu cha 142 kinaomba serikali izieneze kwa Kifaransa na kwa lugha zote nne za taifa, Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba, mu siku 60. Wewe finaliste, ulishaona sheria moja kwa Kiswahili ikibandikwa ku komine yenu?

Tena kuna shida ya neno. Muulize mtu yeyote hapa raia ni nani, atakuambia ni mtu hana bunduki, kuna raia na kuna askari. Ukimwambia na gavana ni raia, na kolonele ni raia, atakuangalia sawa vile umelewa. Miaka yote tunafundisha "citoyen" mu kaye na "raia" mu njia, ni watu wawili wasiojuana. Fanya hivi: chukua kifungu kimoja kila wiki, kielezee bibi yako kwa Kiswahili, kama hakuelewa ujue na wewe haukuelewa. Itakusaidia ku Egzeta vilevile.

*Mwalimu, banasema primere ni bure, lakini ku masomo ya batoto banaomba tu pesa, mara ya karatasi, mara ya kumotive mwalimu. Nikikataa banamuregesha mutoto. Nitamufundisha namna gani kufuata sheria? (Papa wa Ruashi)*

Papa, kwanza sheria yenyewe: kifungu cha 43 kinasema primere ni ya lazima na ni bure mu masomo ya serikali. Iliandikwa 2006, ikaanza kutembea kweli Septemba 2019. Na masomo ya ma-konvansyone, yale ya Wakatoliki, ya Waprotestanti, ya Kimbanguiste na wengine, nayo ni ya serikali, kanisa linayaongoza tu. Wazazi wengi wanafikiri ya ba padri ni ya prive, wanalipa wakinyamaza. Kama mtoto wako iko prive ya kweli au iko juu mu humanite (sekondere), hapo ni hesabu ingine.

Sasa ya kufanya. Usiende peke yako na hasira mu biro ya direkteri, nimekaa upande ule wa meza, najua vile papa mwenye kelele anamalizwa: anapewa kiti, anapewa maneno matamu, kesho mtoto wake anaangaliwa vibaya. Tafuta komite ya wazazi, ile COPA, kila masomo inapaswa kuwa nayo. Wakikuomba pesa omba resi, karatasi ya malipo, kwa heshima, "Direkteri, nisaidie na resi ya kuonyesha mama ya watoto." Pesa nyingi zinakufaga pale pale juu ya neno resi.

Wakiendelea, andikeni. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka pétition, peke yake ao na wenzake, na mkubwa anapaswa kujibu mu miezi mitatu, na hakuna ruhusa ya kumshitaki mtu juu ya kuandika. Barua iwe fupi: tarehe, shida, munaomba nini, majina na sinyature. Mufanye kopi mbili, moja inabaki kwao, ingine wanaipigia kashe (muhuri) na tarehe munarudi nayo. Bila kashe haukuandika kitu, Papa, ulipiga tu hadithi. Na mtoto wako mupeleke siku hiyo, akae kimya ku benchi aone papa yake anaomba kashe na sauti ya chini. Sitakudanganya kama mtajibiwa haraka. Lakini uliuliza vile utamfundisha.

*Mwalimu mwenzangu, nilifanya uchaguzi wa shefu wa klasi, mtoto mmoja akagawa biskuti akashinda. Nifute? (Mwalimu, komine Kenya)*

Usifute! Hii njo leso yenyewe, imekuja bure.

Mimi yalinipata na ya tano yangu, watoto 47. Boksi ya maziwa tukaitoboa juu, karatasi tukazikata toka kaye ya mwaka uliopita, kila mmoja anaenda nyuma ya kabati kuandika. Kijana mmoja, papa yake iko na duka, alikuja asubuhi na pakiti za biskuti, rekreasyo haijafika kila mtu mdomo unatafuna. Akapata 29. Msichana aliyekuwa wa pili alikuwa amesema kitu kimoja tu, kwamba atapanga zamu ya kuleta maji ya kufuta tablo. Nilitaka kufuta kura, mkono ulikuwa tayari juu ya boksi, kisha nikajiuliza kama nafuta mimi, basi ni mimi njo shefu, na kura ilikuwa ya mchezo.

Nikaandika ku tablo kile kila mmoja aliahidi, nikaacha pale kwenye kona, tukakubaliana tutarudia kura kisha miezi miwili. Wiki ya kwanza hakuna maji. Ya pili hakuna. Tablo ikawa nyeupe ya vumbi, hesabu hazionekani, na wale wa nyuma wakaanza kulalamika, shefu anawaambia atawapiga. Siku ya kurudia, biskuti zikaja tena, tena za krimu safari hii. Wakakula zote. Msichana akapita na kura 33. Nikauliza mtoto mmoja, na biskuti ulikula? Akaniambia: "Mwalimu, biskuti nilikula, kura ni siri."

Nilifurahi nusu. Siri ya kura waliielewa kuliko kama ningewasomea kifungu cha 5 mwaka mzima. Nusu ingine ilinisumbua, juu niliona wazazi wao, wale wanaopokea tisheti na kikwembe kwa kandida watano na kusema tunakula ya wote. Mtoto aliyejifunza kula ya wote, siku moja atakuwa yeye njo anagawa. Kwa hiyo ongezea kitu mimi sikufanya: waulize pesa ya biskuti ilitoka wapi, na mwenye kuitoa anafikiri itarudi namna gani. Waache watoto wajibu wenyewe.

*Barabara yetu imekatika na mmomonyoko. Deputé tulimuchagua hajawahi kuja. Tumufanyie nini? (Vijana wa Annexe)*

Deputé gani? Sichezi. Muko na wa taifa kule Kinshasa, mu Bunge la viti 500, na muko na wa provinsi hapa Haut-Katanga, provinsi hii ndogo iliyozaliwa 2015 pale Katanga ilikatwa vipande vinne. Kazi ya wote wawili ni kutunga sheria, kupitisha bajeti na kuuliza maswali kwa wanaoshika pesa. Si kujenga daraja, wala kununua sanduku la maiti, hata kama wanapenda tuamini hivyo. Tena Desemba 2023 mu komine zingine watu walichagua na wakonseye (madiwani) wa komine kwa mara ya kwanza toka Katiba ya 2006, wengi walipiga kura ile karatasi bila kujua ni ya nini.

Anzeni chini: shefu wa avenyu, shefu wa kartiye, kisha burugumestre, na barua yenye kashe vile nimemwambia Papa wa Ruashi. Muulize swali moja, hii barabara ni ya nani, ya komine, ya mji ao ya provinsi? Mukipata jibu lililoandikwa, hapo njo munaenda kwa deputé wa provinsi na karatasi mkononi, mumwombe aulize gavana mu bunge. Yeye anapenda kuonekana anauliza, mpeni swali zuri.

*Mutoto wangu alirudi toka masomo anauliza sisi ni ba wapi, juu benzake banamuambia hapa haiko kwabo. Anazaliwa hapa, na mimi nilizaliwa hapa. (Mama, hakutaka kusema komine)*

Mama, pole. Hii siwezi kuijibu nikicheka. Watu wa umri wangu tuliona 1992 na 1993 hapa Katanga, majirani wa Kikasai wakifukuzwa mu manyumba, wakilala ku gare na masufuria yao wakingojea treni. Mu klasi yangu mabenchi yalibaki wazi na sikuwa na neno la kuwaambia waliobaki, nikaendelea na hesabu. Mpaka leo ninaona haya juu ya siku ile.

Mwambie mtoto kifungu cha 30: kila mtu iko na haki ya kutembea na kukaa popote mu inchi. Na cha 66: kila Mkongomani anapaswa kumheshimu mwenzake bila ubaguzi. Lakini kifungu hakitoshi. Nenda kwa mwalimu wake, si kushitaki watoto wale, hayo maneno waliyasikia ku meza ya kwao. Mwombe tu asinyamaze vile mimi nilinyamaza. Kama anataka njia, kila mtoto alete jina la kijiji cha bibi yake na chakula chao, wapige karte ku tablo. Utaona hata wale "wa hapa" bibi yao alikuja na treni kutafuta kazi ya mukuba (shaba).

*Mwalimu, rulaji (polisi wa barabara) walinisimamisha, nikatoa kitu kidogo, mtoto nyuma akauliza "Papa, resi iko wapi?" Ulisha patwa na hii? (Dereva)*

Ndiyo. Papiye zangu zote zilikuwa sawa, nilikuwa tu na haraka. Ya sheria unaijua: kama kuna kosa waandike, upewe karatasi, ulipe ku biro, utachelewa saa mbili na jua. Kwa swali la mtoto, mjibu kwamba haiko, na kwamba ulikosa. Mimi mwanangu aliponiuliza nilimwambia anyamaze. Leo iko na gari yake, na mtoto wake anakaa nyuma.