Vinundu vikirudi baada ya upasuaji, si uchawi

Dada, umeuliza kwa nini vinundu vya mwanao vinarudi wakati alishapasuliwa mara mbili, na kama ni kweli wanavyosema majirani kwamba ukoo wenu umerogwa. Hapana, hajarogwa mtu. Mimi ninao ugonjwa huu wa mwanao unaootesha vinundu mwilini, nurofaibromatosisi aina ya 1, na nimeshapasuliwa mara 5. Kila safari natoka Makambako na basi la alfajiri kwenda Mbeya, na bado naiogopa ile sindano ya usingizi kama siku ya kwanza.

Chanzo ni hitilafu kwenye jeni moja (maelekezo ya mwili) katika kromosomu ya 17, mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni. Karibu nusu ya wagonjwa hawakurithi kwa yeyote, imeanzia kwao, kwa hiyo usikubali kulaumiwa, wala mumeo. Haiambukizi. Vinundu huota kwenye mishipa ya fahamu, ndiyo maana mara nyingine daktari hawezi kukitoa kizima bila kuuharibu mshipa wenyewe, na kilichobaki hukua tena. Siku hizi mimi natolewa vinavyouma au vinavyobana tu.

Ila hili usilisubirishe hata kidogo: kinundu kikianza kukua haraka, kuwa kigumu au kuuma mfululizo, mpeleke hospitali upesi, maana baadhi hugeuka saratani. Apimwe macho kila mwaka, na presha pia, hata kama ni mdogo. Yale madoa ya kahawia ya ngozini, yanayoletwa na ugonjwa huu huu, yaache, hayamdhuru.