Kukanda matiti ya mzazi: mkono uwe mwepesi

Nilijifungua mwezi wa saba, upepo wa Dodoma ukipuliza usiku kucha. Siku ya tatu maziwa yakaja yote kwa pamoja. Matiti yakawa magumu kama jiwe, ngozi imevutika inang'aa, chuchu imelala hata mtoto akijaribu kukamata anateleza na kulia.

Mama mmoja jirani, mtu mwema kabisa, alikuja kunikanda. Alichovya taulo kwenye maji ya moto sana, akanibinya kwa nguvu zake zote. "Vumilia mwanangu, maziwa lazima yafunguke." Nililia kuliko nilivyolia leba. Kesho yake titi la kushoto lilikuwa na wekundu, na mtoto bado ana njaa.

Aliyeniokoa ni wifi yangu, ambaye ni nesi. Alipoliona akasema, "Wifi, hili si unga wa chapati." Kisha akanawa mikono na kunionyesha. Kitambaa cha uvuguvugu, dakika chache tu kabla ya kunyonyesha. Halafu viganja vilivyolegea vikizunguka taratibu, kisha vidole vikiteleza kutoka pembeni kuelekea kwenye chuchu, kama unavyompapasa mtoto alale. Baada ya hapo nikakamua kidogo: dole gumba juu, vidole chini, nyuma kidogo ya ule weusi unaozunguka chuchu, nasukuma kuelekea kifuani kwanza ndipo nabana. Matone yakatoka, weusi ukalainika, mtoto akafungua mdomo wazi na kukamata titi lenyewe, siyo ncha ya chuchu. Alipomaliza, kitambaa cha baridi kupunguza uvimbe.

Sasa lile ambalo natamani ningeambiwa kabla: kukanda kunasaidia maziwa kushuka, lakini anayeyafanya yawe mengi ni mtoto. Akinyonya, mwili wa mama unatoa homoni mbili. Prolaktini inatengeneza maziwa, na usiku huwa juu zaidi, kwa hiyo usiruke zamu za usiku. Oksitosini inavibana vifuko vya maziwa ili yashuke. Na oksitosini huzuiwa na maumivu na hofu! Ndiyo maana kule kubinywa kulinirudisha nyuma. Nyonyesha mara 8 hadi 12 kwa saa 24, na usiache titi likae limejaa, maana mwili huchukulia kwamba maziwa hayahitajiki, ukapunguza.

Uji wa uwele wenye karanga mkiletewa pokeeni, mimi niliunywa asubuhi na jioni. Mzazi anahitaji kushiba na kunywa maji kila akisikia kiu. Lakini mtoto asipewe maji wala maziwa ya ng'ombe kabla ya miezi 6, hata kama jua la Dodoma linawaka. Ukitaka kujua kama anatosheka, angalia nepi: kuanzia siku ya tano zilowe 6 au zaidi kwa siku. Zikiwa pungufu, mpeleke kituo cha afya akapimwe uzito.

Ukipata homa, baridi ya mwili, na sehemu ya titi ikawa nyekundu na ya moto, nenda zahanati siku hiyohiyo. Usikande kwa nguvu, na usiache kunyonyesha.

Juzi binti wa jirani hapa Nzuguni kajifungua. Nilimpelekea chupa ya uji, nikanawa mikono, na kabla sijagusa titi nikamwekea mtoto kifuani.