Sauti inayoachana na picha kidogo kidogo

Ndugu, kwa maelezo yako mwanzoni mwa video unayohariri sauti na midomo vinakwenda pamoja, ila kufikia dakika ya 20 maneno yanasikika mdomo ukiwa umeshafungwa. Basi usihangaike kusogeza sauti kwa mkono. Kusogeza kunasaidia pale tofauti ni ileile mwanzo hadi mwisho, yako inakua.

Video za simu, ambako tatizo hili limejaa, mara nyingi hurekodiwa kwa kasi ya fremu (picha moja moja zinazounda video) inayobadilika. Mwanga ukipungua, fremu 30 kwa sekunde zinaweza kushuka, kisha zikapanda tena. Baadhi ya programu za kuhariri huhesabu kana kwamba kasi ni moja muda wote, na hapo ndipo picha inapoachana na sauti. Hakikisha kwa MediaInfo, programu inayoonyesha taarifa za faili la video. Ukikuta kasi inabadilika, pitisha faili kwenye HandBrake (programu ya kubadilisha video, ni ya bure), chagua kasi isiyobadilika, weka 30, kisha hariri hilo jipya. Lile la asili usilifute, tafadhali.

Kama sauti ulirekodi kwa kifaa kingine, hadithi ni tofauti: saa za ndani za vifaa viwili hazilingani kikamilifu, hivyo tofauti hukua kidogo kidogo. Siku nyingine piga kofi mbele ya kamera mwanzoni na mwishoni. Linganisha mchomozo wa kofi la kwanza (pale mchoro wa sauti unaporuka juu ghafla) na fremu ambayo viganja vinagusana, halafu vuta au bana urefu wa sauti mpaka la pili nalo likae sawa.