Uchovu wa misuli ya wapakizi: je, hupimika kabla mtu hajaumia?

SWALI: Ninasimamia wapakizi wa magunia ya mahindi katika ghala moja mjini Mombasa. Wanalipwa kwa gunia, hivyo hakuna anayekiri kuchoka mpaka mgongo umuume au mzigo umponyoke. Je, uchovu huu unaweza kupimwa au kutabiriwa mapema?
Msimamizi, Mombasa

JIBU: Ndugu msimamizi, unaweza. Uchovu wa misuli ni kupungua kwa nguvu ambazo msuli unaweza kutoa, na upungufu huo huanza wakati mtu bado anafanya kazi bila kuonyesha dalili yoyote. Katika maabara, vinasa umeme vinavyobandikwa juu ya ngozi huonyesha kwamba msuli unaoendelea kukazwa hutoa mawimbi yanayozidi kuwa makubwa, huku kasi ya mitetemo yake ikishuka. Ghalani, penye jasho na vumbi, njia hiyo ni ngumu. Dainamomita, kifaa kinachobanwa kwa kiganja, inafaa zaidi: linganisha nguvu za kila mtu kabla ya zamu na katikati yake, ukikumbuka kwamba inapima mkono tu, wala haisemi lolote kuhusu mgongo.

Kuna pia kipimo cha Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, ambacho mtu hutaja ugumu wa kazi kwa namba kuanzia 6 hadi 20. Hakigharimu chochote, ila kitakudanganya iwapo anayetaja namba kubwa ataondolewa kazini.

Kuhusu kutabiri, mwaka 1960 Mjerumani Walter Rohmert alionyesha kwamba anayeshikilia mzigo kwa nusu ya nguvu zake zote hustahimili kwa takriban dakika moja tu, na kwamba muda huo hupungua haraka kadiri sehemu ya nguvu inayotumika inavyoongezeka. Kubeba na kutua si sawa na kushikilia, lakini funzo linabaki lile lile: gunia moja humchosha mnyonge mapema kuliko mwenye nguvu, kwa hiyo usitumie kiwango kimoja kwa wote.

Hapa ndipo ninapohangaika zaidi. Pendekezo la Shirika la Kazi Duniani la mwaka 1967 linataja kilo 55 kuwa kikomo cha mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima, ilhali gunia la mahindi nchini Kenya huwa na kilo 90. Kabla ya kununua kifaa chochote, mshauri mwenye ghala afungashe kilo 50, kisha wapumzishe wapakizi kidogo kidogo baada ya kila lori, bila kungoja mchana, na muda huo ulipwe.