Kabla ya Kununua Kadi ya Michoro, Fungua Kasha Uitazame Pawa Saplai

Juzi mpwa wangu alinijia nyumbani Tudor, Mombasa, akiwa na akiba ya shilingi 45,000 na orodha ya vipuri vya kompyuta ya kuchezea michezo. Orodha hiyo ilianza na kadi ya michoro, ile inayochora picha za mchezo kwenye skrini, iliyokula zaidi ya nusu ya fedha zote, na mstari wake wa mwisho ulisomeka: pawa saplai, yoyote. Pawa saplai ni kile kisanduku ndani ya kasha la kompyuta kinachogawia vipuri vyote umeme. Nilicheka, kwani miaka sita iliyopita mimi pia niliandika orodha ya namna hiyo, na neno hilo "yoyote" ndilo lililonitia hasarani.

Wakati huo nilikuwa na kompyuta ya ofisi iliyokwisha kutumika ng'ambo, nikajipatia kadi ya mtumba iliyohitaji plagi ya umeme ya pini 8, ambayo pawa saplai yangu haikuwa nayo. Muuzaji aliniuzia kigeuzi cha kuchomeka kwenye waya wa SATA, yaani ule wa kulishia diski, ambao umeundwa kupitisha takriban wati 54 katika volti 12, ilhali kadi ile ilivuta zaidi ya wati 150 mchezo ulipopamba moto. Siku ya tatu chumba kilijaa harufu ya plastiki inayoungua. Fundi niliyempelekea, pale Mwembe Tayari, aliushika waya ulioyeyuka, akanitazama, akasema: "Kaka, ng'ombe mzima unamnywesha kwa kikombe cha kahawa?"

Tangu siku hiyo mimi huanza na pawa saplai, na ya kwanza kuisoma ni karatasi iliyobandikwa ubavuni mwake, wala si tarakimu kubwa iliyochapwa kwenye boksi. Tafuta safu ya volti 12, uchukue ampea zilizoandikwa hapo na kuzizidisha kwa 12. Pawa saplai inayojiita ya wati 500 huku ina ampea 20 tu katika safu hiyo itakupa wati 240 za kugawana kati ya prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, na kadi, na hao wawili ndio walaji wakubwa. Iliyobaki ni hesabu ya kupamba boksi.

Kwa fedha kama za mpwa wangu, njia ninayoipendelea ni kompyuta ya ofisi ya mtumba pamoja na kadi isiyohitaji waya wake wa umeme. Tundu la kadi kwenye ubao mama, yaani ubao mkuu unaounganisha vipuri vyote, hutoa hadi wati 75, na kadi za GTX 1050 Ti na GTX 1650 zipo katika matoleo yanayotosheka na kiasi hicho. Hata hivyo, toleo jingine la kadi hiyo hiyo huja na plagi ya pini 6, kwa hiyo igeuze uitazame kabla ya kupatana bei. Kadi ya RX 6400 nayo hula umeme kidogo, lakini huwasiliana na ubao mama kwa njia nne tu za data, na ukiifunga kwenye ubao wa zamani wa PCIe 3.0 (tundu la kadi la kizazi cha tatu) hupoteza sehemu ya kasi yake katika michezo mingi.

Kasha nalo lina mambo yake. Lile jembamba linalolazwa chini ya skrini hukubali kadi fupi pekee, ndiyo maana nashauri lile la kusimama, hata kama litakula nafasi mezani. Fahamu pia kwamba kompyuta nyingi za Dell OptiPlex na HP EliteDesk hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye ubao mama, hivyo siku utakayotaka kubadilisha pawa saplai itakubidi utafute kigeuzi chake maalumu. Kuhusu prosesa, usishuke chini ya kizazi cha 8 cha Intel ukiweza, kwa sababu Windows 11 haivikubali rasmi vizazi vya nyuma yake, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025.

Anayetaka vipuri vipya anaweza kuanza na prosesa ya Ryzen 5 5600G, ambayo ina michoro yake ndani, akaiongeza kadi fedha zikipatikana. Hapo RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya kompyuta, iwe vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha GB 16, maana michoro hiyo hutegemea sana kasi ya RAM, na vipande viwili hupitisha data kwa pamoja. Na tahadhari: prosesa ya Intel yenye herufi F mwishoni, kama i3-12100F, haina michoro kabisa, na bila kadi skrini itabaki giza.

Mengine ni ya hapa kwetu. Feni haiwezi kukiteremsha chochote chini ya joto la chumba, na wakati wa kaskazi chumba cha Mombasa chenyewe ni tanuri, kwa hiyo kasha lenye matundu mbele na feni mbili lina faida kuliko lile la kioo na mataa. Chumvi ya bahari hushika meno ya RAM. Mara nyingi kompyuta inayokataa kuwaka huwaka tena baada ya kuzimwa, kuchomolewa umeme, na RAM kusuguliwa taratibu kwa raba ya penseli. Umeme nao hukatika na kurudi kwa kishindo, hivyo tenga fedha za UPS ndogo, yaani betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukikatika. Diski iwe SSD, yaani ile ya chipu isiyozunguka. Hilo halina mjadala.

Tulipokwenda madukani na mpwa wangu tulimwomba kila muuzaji auendeshe mchezo mzito kwa dakika 20 huku kasha likiwa limefungwa. Wa kwanza alisema hana muda. Wa pili alituletea viti, na kompyuta hiyo ndiyo tuliyoibeba.