Maswali na majibu: Unyayo huachwa na mnyama aliye hai

Barua za safari hii zimetoka kwa wanafunzi na wazazi wao, na karibu zote zinauliza habari za nyayo za dinosaria. Nimefurahi. Kwa muda mrefu watoto wamelishwa mafuvu na meno tu.

Mifupa tunayo. Nyayo za nini tena?

Mfupa ni wa maiti, na huenda mto uliusomba mbali kabla haujafukiwa. Unyayo hausombwi. Ulipo ndipo mguu ulipokanyaga, mwenyewe akiwa hai na ana safari zake.

Chukua mkia. Michoro ya zamani ilimwonyesha dinosaria akiuburura kama mamba. Lakini kati ya maelfu ya nyayo zilizopatikana, mchirizi wa mkia ni nadra sana. Mkia ulikuwa juu, ukisawazisha mwili. Wazazi, kitabu kinachoonyesha mkia ukiburuzwa kimepitwa na wakati, na mtoto aambiwe hivyo.

Au tazama machimbo ya mawe ya Oxfordshire, Uingereza. Mfanyakazi aliyekuwa akiondoa udongo wa mfinyanzi kwa mashine alihisi matuta yasiyo ya kawaida. Mwaka 2024 wataalamu wakafukua nyayo zipatazo 200 zenye umri wa miaka milioni 166, na msururu mmoja una urefu unaozidi meta 150. Mahali fulani njia ya mla majani mwenye shingo ndefu inakatana na ya mla nyama. Ukingo wa mbele wa unyayo wa mla majani umebonyea kidogo chini ya mguu wa vidole vitatu wa mla nyama. Kwa hiyo tunajua nani alitangulia. Msiniletee hadithi ya kwamba alikuwa anawindwa: tope halisemi kama walipishana kwa dakika au kwa saa.

Ni kweli Texas kuna nyayo za binadamu kando ya za dinosaria?

Si kweli. Swali hili linarudi kila mara, na wanaoliuliza wangeweza kusoma kidogo kwanza. Katika Mto Paluxy, baadhi ya dinosaria walitembea wakilaza mguu hadi kisigino, kisha alama za vidole zikajaa tope. Kilichobaki ni umbo refu linalofanana na mguu wa mtu. Nyingine zilichongwa na watu wa miaka ya 1930 waliotafuta cha kuuza. Nyayo za kale za jamii ya binadamu ziko Laetoli, Tanzania, ambako timu ya Mary Leakey ilizipata mwaka 1978 kwenye majivu ya volkano. Zina miaka kama milioni 3.6. Dinosaria wakubwa walitoweka miaka milioni 66 iliyopita. Toa mwenyewe.

Nimekutumia picha ya unyayo. Ni wa dinosaria gani?

Picha haina rula wala sarafu ya kulinganishia ukubwa, siwezi kusema lolote. Hata wataalamu kwa kawaida hawamjui mwenye unyayo kwa hakika. Ndiyo maana nyayo hupewa majina yake zenyewe, kama Grallator na Eubrontes.

Mwendo wa dinosaria unajulikanaje?

Hapa mtoto achukue daftari. Mwaka 1976 R. McNeill Alexander, mtaalamu wa mwendo wa wanyama, alitoa kanuni ya kukadiria kasi inayotumia urefu wa hatua na kimo cha nyonga. Kimo hicho hukadiriwa kuwa mara 4 ya urefu wa unyayo: unyayo wa sentimeta 50, nyonga iko kwenye meta 2. Kisha pima kutoka unyayo wa mguu wa kulia hadi unyayo unaofuata wa mguu huohuo. Ukipata chini ya mara 2 ya kimo cha nyonga, alikuwa anatembea. Ukikaribia mara 3, alikuwa anakimbia. Mtoto ajaribu kwanza kwenye mchanga wenye unyevu, atembee kisha akimbie, aone vidole vinavyochimba zaidi anapoharakisha.

Kule Cal Orck'o, Bolivia, nyayo za dinosaria ziko kwenye ukuta wa mwamba uliosimama. Walipandaje?

Hawakupanda. Lilikuwa tope tambarare. Ardhi ndiyo iliyoinuliwa baadaye.

Tukiona unyayo, tuuchimbe tuupeleke shule?

Hapana, hapana kabisa! Mmoja uking'olewa, hatua haipimiki tena, wala uelekeo. Huko Utah, Marekani, katika hifadhi ya Red Fleet, wageni wamekuwa wakitupa vipande vya miamba yenye nyayo ziwani ili wasikie vinavyotumbukia. Nikiliwaza jambo hilo naumia. Msiumiminie plasta pia, inabandua uso wa jiwe. Piga picha asubuhi au jioni, mwanga ukija kwa upande, ili kivuli kionyeshe kina. Weka rula, andika mahali, kisha itaarifu makumbusho. Huko Wales mtoto wa miaka minne aliona unyayo wa sentimeta 10 ufukweni, akamwonyesha baba yake. Wakatoa taarifa. Una miaka milioni 220, na wataalamu ndio walioutoa, kwa kibali.