Muulize Mkunga: Wahudumu wangu wanajibu "asante" tu kwenye kundi la WhatsApp

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni muuguzi mfawidhi wa zahanati wilayani Kilosa. Nina wahudumu wa afya ngazi ya jamii kumi na wawili, wawili kila kitongoji. Walipomaliza mafunzo nikawafungulia kundi la WhatsApp waendelee kujifunza, na kila mwongozo unaonifikia nawatumia. Wanajibu "asante" au kidole gumba, basi. Majuzi mtoto mwenye nimonia aliletwa amechelewa, na mhudumu aliyemtembelea alikuwa ameupokea mwongozo wa nimonia. Niachane na simu, nisubiri semina?
Muuguzi, Kilosa

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole. Usiiache simu. Mpango wa taifa uliozinduliwa Januari 2024 unalenga kupata wahudumu 137,294 kwa miaka mitano, na wengi watafanya kazi mbali na zahanati. Semina itawafikia mara chache mno. Simu wanayo kila siku.

Ila acha kuwatumia miongozo mizima. Watumie kisa, uwaulize. Kwa mfano: "Umemkuta mtoto wa miezi 7, anakohoa tangu juzi, ananyonya vizuri. Umehesabu pumzi dakika nzima, umepata 54. Utafanya nini?" Kila mmoja akujibu inboksi. Kundini atajibu mmoja, na kama ni mtu mzima anayeheshimika, wengine wote watamfuata hata akikosea. Akishajibu, mweleze sababu papo hapo: kwa mtoto wa miezi 2 hadi asiyetimiza mwaka, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni za haraka. Huyo anakohoa, basi mshuku nimonia na umpe rufaa leo hii.

Kesho yake badilisha umri. Pumzi ni zile zile 54, lakini mtoto ana wiki 5 na tangu asubuhi hataki kunyonya. Kwa umri huo pumzi za haraka zinaanzia 60, kwa hiyo atakayeangalia namba peke yake atasema mtoto yuko salama. Kumbe kukataa kunyonya peke yake ni dalili ya hatari, na rufaa ni ya haraka. Aliyekosa hapo mpigie simu, mzungumze kwa upole, mpaka ujue alichokifikiria. Mimi naona mazungumzo hayo ndiyo mafunzo yenyewe. Baada ya wiki kadhaa kirudishe kisa kikiwa na mtoto mwingine, uone kilichobaki kichwani.

Wenye kitochi watumie kisa hicho hicho kwa SMS, wajibu A, B au C. SMS haihitaji bando la intaneti, na mtandao ukikatika ujumbe utaingia baadaye.

Kuhesabu pumzi kwenyewe, hata hivyo, hakufundishwi kwa maandishi. Siku ya kikao chao cha mwezi waite kliniki. Kwa ridhaa ya mama, mhesabu pamoja pumzi za mtoto mmoja aliyetulia, kila mtu aandike namba yake bila kuchungulia ya jirani, kisha mlinganishe. Utashangaa namba zinavyopishana. Utepe wa kupimia mkono nao ni vivyo hivyo: ukilegezwa kidogo, mtoto ambaye mzunguko wa mkono wake uko chini ya milimita 115, mwenye utapiamlo mkali, anasomeka kwenye manjano badala ya nyekundu.

Visa uvitunge mwenyewe. Jina au picha ya mgonjwa isiingie kundini kabisa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazilinda taarifa za afya, na mama aliyemfungulia mhudumu mlango hakukubali kuonyeshwa kitongoji kizima.

Tena waambie leo, kabla ya kisa cha kwanza: mtoto mwenye degedege, asiyeweza kunyonya au anayetapika kila kitu hasubiri jibu la WhatsApp. Mhudumu akupigie simu huku safari ya kuja zahanati imeshaanza.